MKUKI KWA NGURUWE: MAADILI YA KUUA WANYAMA KATIKA PWANI YA TANGA

Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Methali hii twaifundisha shuleni kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi huieleza vyema: yaani mtu hufurahia kumtenda mwenzake jambo ambalo yeye mwenyewe asingelivumilia. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini yafaa tujiulize kwa nini wahenga walimchagua nguruwe. Wangaliweza kutaja gogo au kichuguu, navyo huchomeka mkuki. Walimtaja kiumbe mwenye damu, apigaye kelele akichomwa, kwa sababu walijua kwamba mkuki humwuma yeye pia. Pasipo ujuzi huo methali isingekuwa na maana. Basi ndani ya methali inayotuonya juu ya watu imefichika hoja nyingine juu ya wanyama: kwamba utamu wa mkuki ni wa yule aushikaye, na uchungu wake ni wa yule achomwaye, awe ni nani.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza hoja hiyo iliyofichika. Je, ni lini mwanadamu ana haki ya kumwua mnyama? Na akisha kuwa na haki hiyo, ana wajibu gani? Hatutapenda kulijadili jambo hili hewani, kana kwamba hakuna watu wanaoishi kwalo. Tutalijadili tukiwa tumesimama mahali pamoja, nako ni Ushongo, kijiji cha wavuvi na wakulima kilicho kusini ya mto Pangani, katika Mkoa wa Tanga. Msafiri atokaye Pangani mjini huvuka mto hadi Bweni, kisha hufuata njia ya kusini kupita minazi na mashamba mpaka afike ufukoni. Mbele yake ni bahari na fungu la mchanga liitwalo Maziwe; nyuma yake ni mashamba na mapori yanayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mahali kama hapo mtu hawezi kuyakwepa maswali yetu. Huvua, hufuga, huchinja, hutoa sadaka, na usiku huamka kuwafukuza nguruwe waliokuja kula mihogo yake.

Tuanze na maneno, kwa kuwa lugha ni ghala la fikira za watu. Kiswahili hakitoshelezwi na neno moja la kuua. Ng'ombe, mbuzi na kuku huchinjwa. Samaki huvuliwa. Swala huwindwa. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa huitwa kibudu, au nyamafu, na mtu wa pwani hamli, hata kama amekufa dakika chache tu zilizopita na nyama yake haina dosari. Nyama ya kibudu na nyama ya mnyama aliyechinjwa huweza kuwa sawa machoni na hata mdomoni. Tofauti yao ni namna uhai ulivyotoka. Kwa maneno mengine, utamaduni huu haukuridhika kuuliza, "Je, kinalika?" Uliuliza pia, "Kilikufaje?"

Lakini lugha hiyo hiyo inatushitaki. Shina la neno mnyama ndilo shina la neno nyama, na wazee husema nyama wa mwitu wakiwa na maana ya kiumbe aliye hai. Kana kwamba tumekwisha kumwona chunguni kabla hajakamatwa. Tena ukatili wa mtu tumeuita unyama, ilhali chui humwua paa kwa njaa yake ya siku hiyo, na wala hajapata kumtesa kwa mzaha wa karamu. Kinyume cha unyama tunasema ni utu. Ikiwa ndivyo, utu hauwezi kupimwa katika mambo baina ya watu peke yake. Hauna budi kupimwa pia pale mtu anaposhika kisu, na mbele yake yupo kiumbe asiyeweza kwenda kumshitaki popote.

Sasa tutazame uchinjaji wenyewe. Katika pwani yetu, ambako mila za Kiislamu zimekaa kwa karne nyingi, mafunzo ya uchinjaji hupokewa na kijana kutoka kwa baba au mwalimu wake. Mnyama apewe maji. Kisu kinolewe kikae sawa, lakini kisinolewe mbele ya macho yake. Asichinjwe mbele ya mwenziwe. Alazwe kwa upole, aelekezwe kibla, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, na mkato uwe wa haraka. Asichunwe wala kukatwa kiungo mpaka roho iwe imekwisha toka. Mtu mwenye haraka anaweza kuyaona haya kuwa ni taratibu za ibada tu. Sisi tunaona kwamba kila moja ni jibu kwa swali la maadili. Kwa nini kisu kifichwe? Kwa sababu inakubaliwa kwamba mbuzi huogopa. Kwa nini mwenziwe aondolewe? Kwa sababu inakubaliwa kwamba huona na huelewa walau sehemu ya yale ayaonayo. Mafunzo haya hayakusema kwamba mnyama ni kitu. Yalisema kwamba ni kiumbe mwenye hofu na maumivu, na hata hivyo yakaruhusu achinjwe kwa masharti.

Na kule kutaja jina la Mungu kuna maana gani? Twadhani maana yake ni ombi la ruhusa. Achinjaye hukiri kwamba uhai ule si mali yake, ingawa mbuzi alimnunua kwa fedha zake mnadani. Fedha zilimpa mbuzi. Hazikumpa uhai wa mbuzi. Kukiri huko ni msingi mkubwa, nao hauwahusu Waislamu peke yao. Katika matambiko ya jamii nyingi za mkoa huu, za pwani na za milimani, mnyama hakuuawa bila maneno kusemwa na bila mkubwa wa ukoo kusimama. Maneno yalitofautiana, lakini hapakuwa na damu iliyomwagika kimya kimya, kana kwamba hakuna lililotendeka.

Kutoka hapo tunafika kwenye kafara na sadaka. Wapo wasomi wa leo wanaosema kwamba kumwua mnyama kwa chakula kunaeleweka, lakini kumwua kwa ajili ya ibada ni upotevu wa uhai. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa kutazama yale yatendekayo. Katika Idd al-Hajj, desturi inayopendekezwa ni kuigawa nyama mafungu matatu: fungu la nyumba, fungu la jamaa na majirani, na fungu la maskini. Katika akika ya mtoto, mnyama huchinjwa, nyama hupikwa na kuliwa na watu, na mifupa haivunjwi bali huzikwa. Katika miji kadhaa ya Waswahili palikuwa na desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima huku watu wakisoma dua, ili kuuondolea mji balaa. Kisha ng'ombe huyo akachinjwa na nyama ikagawiwa. Twaona, basi, kwamba ibada hizi hazikuwa zikiua na kutupa. Kwa watu ambao hawakula nyama kila siku, ibada ndiyo iliyokuwa siku ya nyama, na tena siku ambayo maskini alikula bila kuomba. Ibada iliufanya uhai wa mnyama kuwa jambo la mji mzima.

Lakini hatutasema kweli tukiishia kwenye sifa. Jambo lolote lenye heshima huweza kugeuzwa kuwa la kujionyesha. Ipo arusi ambayo ng'ombe huchinjwa wengi kuliko walaji, ili ipate kusemwa kwamba fulani alichinja. Ipo hitima ambayo wafiwa huingia katika deni ili wasionekane wanyonge mbele ya watu, na chakula kinachobaki hutupwa alfajiri. Hapo kisu kimetumikia jina la mtu. Na tukumbuke: mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya sifa hupata uchungu ule ule wa mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya yatima. Tofauti haiko kwake, iko kwetu.

Baada ya nchi kavu tugeukie bahari, kwa kuwa Ushongo hula zaidi kutoka baharini. Hapa tunakutana na jambo la kustaajabisha. Sheria zote za kisu huishia kwenye maji: samaki hachinjwi, na aliyekufa majini au juu ya ngalawa ni halali. Je, hii ina maana kwamba baharini hakuna maadili ya kuua? Wapo walioelewa hivyo. Sisi tunasema kwamba maadili ya bahari yalikuwapo, ila hayakukaa katika kisu; yalikaa katika chombo cha kuvulia. Mvuvi wa mshipi huvuta samaki mmoja mmoja. Mwenye dema hulitega, akalirudia, akachukua wakubwa na aliweza kuwaachia wadogo wangali hai. Vyombo hivi vina mipaka ndani yake. Havikuhitaji mvuvi awe mtakatifu. Vilimfanya awe na kiasi hata asipotaka.

Baruti iliiondoa mipaka hiyo. Kuanzia miaka ya 1960 uvuvi wa baruti ulienea katika pwani ya Tanzania, na Tanga ikawa mojawapo ya sehemu zilizoumia zaidi. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa ndani ya samaki. Baadhi huelea, lakini wengi huzama na kuoza pale pale. Matumbawe yaliyojengwa kwa miaka mingi huvunjika kwa dakika moja, na pamoja nayo hufa makinda ambayo hakuna aliyekusudia kuyaua na hakuna atakayeyala. Sheria ilikwisha kukataza jambo hili tangu zamani. Hata hivyo milio iliendelea kusikika mpaka operesheni za vyombo vya dola katika miaka ya 2010 zilipoipunguza sana. Sisi tunaiona baruti kuwa ndiyo kinyume kamili cha kisu cha mchinjaji. Mchinjaji hukiona anachokiua, mlipuaji hakioni. Mchinjaji hujua idadi, mlipuaji hajui. Mchinjaji huula uhai alioutoa. Mlipuaji huula sehemu ndogo tu, na iliyobaki huachiwa kaa.

Kisa cha kasa kinatupeleka mbali zaidi, nacho ni kisa cha Ushongo hasa. Kisiwa cha Maziwe, kilicho mbele ya pwani hiyo, kilikuwa na mivinje na kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutagia. Ndiyo sababu kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975. Lakini miti ilikwisha, mchanga ukachukuliwa na mawimbi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimegeuka fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Kasa hawakupewa habari hiyo. Jike hurudi kutaga katika sehemu za pwani alikozaliwa, naye akitaga Maziwe leo, maji hulifunika shimo lake. Ndiyo maana walinzi wa kijijini wamekuwa wakiyachukua mayai kutoka Maziwe na kuyafukia upya kwenye ufuko wa Ushongo, ambako huanguliwa baada ya siku 60 hivi. Shirika la Sea Sense, lililoanzishwa mwaka 2001, limekuwa likiwafundisha wanavijiji wa pwani kazi hiyo.

Na kasa ameuawaje? Amevuliwa kwa jarife, amepinduliwa chali ufukoni, na mara nyingi ameachwa hai hivyo kwa saa nyingi ili nyama isiharibike. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafii hawairuhusu nyama yake. Sheria ya nchi pia inakataza kumwua na kuokota mayai yake. Hata hivyo ameliwa. Pengine kwa sababu hana nafasi katika taratibu za kisu wala katika taratibu za samaki, ametendewa kama asiye na sheria yoyote. Zaidi ya hayo, nyama yake mara nyingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Hatukitaji kifo chao ili kusema kwamba waliadhibiwa; mtoto anayekula alichopewa na mamaye hana kosa. Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba yaliyo makatazo aghalabu yaliwekwa na watu waliokwisha kuona misiba.

Watu wa pwani husema kwamba kasa akiwa nchi kavu hulia. Wataalamu hueleza kwamba yale ni maji yenye chumvi yanayotolewa na tezi za machoni, wala si machozi ya huzuni. Maelezo yao tunayakubali. Lakini je, ikiwa hayakuwa machozi ya huzuni, tumepata ruhusa? Mtu anayengoja mnyama alie kama binadamu ndipo amwonee huruma, huyo hamwonei huruma mnyama. Anajionea huruma mwenyewe katika sura ya mnyama. Wenye kukificha kisu walikwenda mbele zaidi yake: hawakungoja mbuzi aseme.

Sasa tuingie porini, tuzungumze juu ya uwindaji. Katika milima ya Usambaa, iliyo mkoa huu huu, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi anakumbukwa kuwa alikuwa mwindaji. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kinasimulia jinsi Mbegha alivyotoka Ngulu na kufika Usambaa, akiwinda nguruwe na kuwagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashamba yao. Hatimaye wakamfanya mtawala wao. Tutaacha wanahistoria wapime lipi katika masimulizi hayo lilitokea na lipi liliongezwa. Linalotuhusu sisi ni kwamba jamii ilipotaka kueleza ni kwa nini mtu fulani alistahili kutawala, ilisema: aliua waharibifu wa mashamba, na hakula peke yake. Ushujaa wa mkuki haukutosha. Ulihitaji haja, na ulihitaji mgawo.

Uwindaji wa mchezo ulikuja na fikira nyingine. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu. Misafara ilipanda kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai, ikarudi na pembe zilizopelekwa Unguja na kutoka huko kwenda Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Huko zilichongwa bangili, vibao vya piano, na mipira ya mchezo wa biliadi. Basi tembo walikufa bara ili mabwana wa London na New York wapate kugonganisha vitufe mezani. Wala tusijitoe katika hesabu hiyo: wafanyabiashara wa pwani yetu walitajirika kwayo, na wapagazi wengi walikufa njiani. Kisha Wajerumani walipokwisha kuishika nchi, Gavana Wissmann alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896, iliyotaka vibali. Mtu aliyewinda ili ale akaanza kuitwa mwizi wa wanyama, na yule aliyewinda kwa kujifurahisha, maadamu ana fedha za kibali, akaitwa mwindaji.

Uhuru ulipokaribia, na hata baada yake, taifa letu lilijaribu kulitafakari upya jambo hili. Mwezi Septemba 1961, huko Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tamko linalowahesabu wanyama wa mwitu kuwa ni amana ambayo taifa limekabidhiwa kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1973 uwindaji wa kitalii ulisimamishwa, ukaruhusiwa tena mwaka 1978. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ujangili nao haukungoja mijadala: hesabu za tembo wa Tanzania zilishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014.

Wanaoutetea uwindaji wa kitalii husema kwamba fedha zake hulinda mapori ambayo vinginevyo yangelimwa, na kwamba mnyama mmoja mzee anayeuawa kwa bei kubwa huwaokoa wengi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na mahali ambapo vijiji hupata fungu lao kweli kweli ina uzito. Lakini tusichanganye mambo mawili. Matokeo mema ya tendo hayalifanyi tendo lenyewe kuwa na haja. Yule aliyesafiri kutoka mbali ili achukue kichwa cha mnyama akakitundike ukutani ameua kwa sababu ya utamu wa mkuki. Kulipa kwake kumemwongezea kibali, hakukumwongezea haja. Na mkulima aliyemwua paa ili watoto wake wapate kitoweo anapofungwa gerezani, twapaswa angalau kuona haya kusema kwamba sheria imepima maadili, imepima kibali. Kanuni za mwaka 2020 zilizofungua mlango wa mabucha ya nyamapori zilikuwa hatua ya kumrudisha mwananchi katika meza ya urithi wake.

Hata hivyo kijiji nacho hakina budi kujihukumu. Mtego wa waya unaotegwa porini hauchagui: hunasa jike mwenye mimba, hunasa asiyetafutwa, naye hukaa humo siku mbili akikatwa na waya, na mara nyingine mtegaji hasahau tu bali haji kabisa. Mtego huo ni ndugu wa baruti. Umaskini hueleza kwa nini umetegwa; haueleze kwa nini haukurudiwa.

Wala mchezo si lazima uwe na mauti. Kule Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huunasibisha na Wareno. Fahali hufungwa kamba, vijana humchokoza na kumkwepa, watu huimba na kushangilia, na mwisho fahali hurudi zizini kwa mwenyewe. Katika Hispania mchezo wa namna hiyo huishia kwa upanga. Hatusemi kwamba fahali wa Pemba hufurahi. Tunasema kwamba Wapemba walipata ushujaa wao wote bila kuuhitaji uhai wake. Kwa hiyo anayesema kwamba pasipo kuua hakuna mchezo amekwisha kujibiwa.

Yapo mashitaka makubwa zaidi, yanayosema kwamba mwanadamu hana haki ya kuua mnyama hata kwa chakula. Mashitaka haya si mageni wala si ya Wazungu peke yao. Katika karne ya 10, wanafalsafa wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa waliandika hadithi ambamo wanyama wanamshitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, wakieleza mateso wanayoyapata mikononi mwake. Katika zama zetu, mwaka 1975, mwanafalsafa wa Australia Peter Singer alichapisha kitabu kinachodai kwamba maumivu ya mnyama yahesabiwe kwa mizani ile ile ya maumivu ya mtu. Tukiri kwamba katika kesi hii sisi ni washitakiwa na ndio tuliokaa katika kiti cha hakimu, na hukumu ya namna hiyo daima ni ya kutiliwa shaka. Mahali penye chakula cha kutosha cha aina nyingine, hoja yao huzidi nguvu kila siku. Lakini huwezi kumwambia mvuvi wa Ushongo, ambaye bahari ndiyo shamba lake, kwamba kula kwake ni dhambi, kisha ukarudi mjini kwenye chakula kilicholimwa mahali ambapo pori lilifyekwa na viumbe wake wakafa bila kuhesabiwa. Hakuna mlo usio na kifo nyuma yake. Kuna mlo uliokiri na mlo uliokana.

Kwa hiyo kutokana na mila zenyewe tunaweza kukusanya vipimo vinne. Cha kwanza ni haja: je, kifo hiki kinalisha, kinalinda, au kinapamba tu? Cha pili ni mkono: je, auaye anakiona anachokiua, na amepunguza uchungu kadiri awezavyo? Cha tatu ni kiasi: je, watabaki wa kesho? Cha nne ni mgawo: je, ni nani atakayekula? Kisu cha sadaka kikifanyika kwa sifa huanguka katika kipimo cha kwanza. Baruti na waya huanguka katika cha pili na cha tatu. Bunduki ya kitalii huanguka katika cha kwanza, na mara nyingi katika cha nne. Na sisi tunaonunua nyama buchani ikiwa imekwisha kukatwa na kufungwa katika karatasi? Sisi tumeukabidhi mkono wetu kwa mtu mwingine. Hatujui kama kisu chake kilikuwa kikali, wala kama wanyama walisafirishwa siku ngapi bila maji. Tusidhani kwamba kwa kuwa damu haikutugusa, hesabu pia haitugusi. Mchinjaji ambaye watu humdharau kwa harufu ya kazi yake anafanya kwa niaba yetu jambo ambalo tungali tunalitaka lifanywe.

Tungependa walimu wayajadili haya na wanafunzi, hasa wanafunzi wanaokula nyama lakini hawajapata kuona mbuzi akilazwa chini. Wasijadiliane ili wapate jibu moja. Wajadiliane ili mtu asiweze kusema kwamba hakuwahi kuulizwa.

Tumalizie pale tulipoanzia. Ufukoni Ushongo, jua likishuka, watu wa kijijini na wageni husimama pembeni kutazama makinda ya kasa yakitoka mchangani na kutambaa kuelekea majini. Shimo moja huweza kuwa na mayai 100 au zaidi, na walio wengi kati ya makinda hayo wataliwa na kaa, ndege na samaki kabla hawajakua. Atakayenusurika huchukua miaka 20 hadi 30, na pengine zaidi, kabla hajarudi kutaga. Mzee anayelinda shimo hilo leo hatakuwapo siku hiyo. Hatapata nyama yake, wala mayai yake, wala shukrani yake. Huenda jioni hiyo hiyo akarudi nyumbani akala samaki aliyevuliwa asubuhi, na hatuoni kwamba amejipinga mwenyewe kwa kufanya hivyo. Ameua alichokihitaji, na amekiacha kiende kile ambacho mkono wake uliweza kabisa kukichukua.